Gavana wa Marekani ana nguvu kiasi gani? Mfano wa Soapy Williams wa Michigan

Juni 2025 Rais Donald Trump aliwachukua askari wa Walinzi wa Taifa wa California na kuwapeleka Los Angeles bila ridhaa ya gavana wa jimbo hilo, Gavin Newsom. Gavana akaenda mahakamani. Habari kama hiyo ikisomwa Nairobi, Dar es Salaam na Bukavu, kila mji unaielewa kivyake, kwa kuwa kila mahali gavana ni mtu mwingine. Mkenya ana magavana 47 wa kaunti, wanaochaguliwa na wananchi lakini wanaosubiri sehemu kubwa ya fedha zao kutoka Hazina ya taifa. Mtanzania akisikia gavana anawaza Benki Kuu na saini iliyo kwenye noti. Mkuu wa mkoa wake huteuliwa na Rais, na uteuzi huo unaweza kutenguliwa kwa taarifa ya aya moja kwa vyombo vya habari. Mkongo anamjua gavana anayechaguliwa na wabunge wa jimbo. Wazee wanamkumbuka na mwingine, yule wa kofia yenye manyoya ya ndege aliyeletwa na serikali ya London.

Gavana wa jimbo la Marekani hafanani sawasawa na yeyote kati ya hao. Namna nyepesi ya kumwelewa ni kumfuata mmoja kazini, na G. Mennen Williams, aliyeiongoza Michigan kuanzia Januari 1949 hadi Januari 1961, anafaa kuliko wengi. Alishinda uchaguzi mara sita mfululizo. Alikuwa mliberali asiyeficha. Alijenga, alikwama, alishindwa kulipa mishahara, kisha akaja Nairobi akatamka maneno yaliyowakasirisha walowezi. Nguvu na mipaka ya kiti hicho vyote vinaonekana katika maisha yake.

Kazi yenyewe

Marekani ni shirikisho. Marekebisho ya 10 ya katiba yake, ya mwaka 1791, yanasema mamlaka ambayo serikali ya shirikisho haikupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ndiyo maana Michigan ina katiba yake, bunge lake lenye mabaraza mawili, mahakama yake ya juu, polisi wake, magereza yake, vyuo vikuu vyake na, kubwa kuliko yote, kodi zake. Gavana ndiye mkuu wa serikali hiyo. Wanaomchagua ni wananchi wa jimbo. Rais hamteui, hawezi kumtumbua, wala si bosi wake.

Walinzi wa Taifa ni askari wa akiba ambao siku za kawaida amiri wao ni gavana, mpaka pale rais anapowaita katika utumishi wa shirikisho kwa masharti yaliyowekwa na sheria. California walibishania masharti hayo. Kwa hiyo anayesema gavana ana jeshi lake kama rais wa pili amezidisha, na anayesema ni mtumishi wa rais amekosea kabisa.

Gavana anapendekeza bajeti, anasaini miswada au anaikataa kwa kura ya turufu, anasamehe wafungwa, anajaza nafasi za majaji zinapobaki wazi na kuteua wajumbe wa bodi na tume. Lakini hatungi sheria. Hatozi hata senti moja ya kodi ambayo bunge la jimbo halijaipitisha. Na katiba za majimbo mengi hazimruhusu kukopa ili alipe matumizi ya kawaida, jambo ambalo serikali ya Washington hulifanya kila mwaka.

Michigan ya wakati wa Williams ilimbana gavana zaidi ya hapo. Katiba yake ya 1908 ilimpa muhula wa miaka miwili tu, kwa hiyo mtu alikuwa hajamaliza kupanga ofisi kabla hajaanza kampeni nyingine. Mwanasheria mkuu, mweka hazina na katibu wa jimbo walichaguliwa na wananchi kivyao, hivyo gavana hakuweza kuwafukuza. Hata naibu gavana aligombea peke yake. Kati ya 1951 na 1955 Williams, mwanachama wa Democratic, alifanya kazi na manaibu wa Republican, na manaibu hao ndio waliokuwa wakiongoza vikao vya Seneti ya jimbo. Kwa Mkenya aliyezoea gavana na naibu wake kusimama kwa tiketi moja, hili ni jambo la kushangaza.

Mliberali ni mtu gani huko

Ulaya mliberali mara nyingi ni mtu wa uhuru wa biashara, anayetaka serikali ikae mbali na soko. Marekani, tangu enzi za Rais Franklin Roosevelt katika miaka ya 1930, maana imepinduka. Mliberali wa huko anataka serikali itumie kodi na sheria kumkinga mfanyakazi, mzee, mgonjwa na mtu wa kundi la wachache, lakini ndani ya ubepari. Haombi viwanda vitaifishwe. Anaomba kiwanda kilipe kodi zaidi na kisimbague mtu kwa rangi yake.

Wapinzani wa Williams walimwita msoshalisti mara nyingi, na wapo wanaoamini hivyo hadi leo. Ukweli ni kwamba alizaliwa Detroit tarehe 23 Februari 1911 katika familia ya matajiri wa Republican. Babu yake mzaa mama, Gerhard Mennen, ndiye aliyeanzisha kampuni ya Mennen iliyotengeneza poda na bidhaa za kunyolea ndevu. Jina la utani la Soapy, yaani wa Sabuni, lilitoka hapo, naye alilipenda. Alisoma Princeton, kisha sheria Chuo Kikuu cha Michigan, ambako mdororo mkuu wa uchumi na siasa za Roosevelt zilimhamishia Democratic. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa afisa wa jeshi la majini katika Pasifiki.

Kosa jingine ni kudhani kwamba mliberali na Democratic ni kitu kimoja. Leo vinakaribiana, lakini miaka ya 1950 chama hicho kilikuwa pia makao ya wanasiasa weupe wa kusini waliotetea ubaguzi wa rangi, huku Republican wengi wa kaskazini wakiunga mkono haki za raia. Katika mkutano mkuu wa chama wa 1952 Williams alikuwa mstari wa mbele kuwabana wajumbe wa kusini waahidi utii kwa wagombea wa chama. Mwaka 1960 alipinga waziwazi Lyndon Johnson kuwa mgombea mwenza wa Kennedy. Miaka mitatu baadaye Johnson akawa rais, na bosi wake. Siasa haina haya.

Alivyoingia, na ramani iliyomzuia

Mwaka 1948 Democratic ya Michigan ilikuwa nyumba inayovuja. Kikundi cha mawakili na wafanyabiashara waliberali, Neil Staebler akiwa mmoja wao, kiliungana na vyama vya wafanyakazi, hasa UAW ya wafanyakazi wa magari iliyoongozwa na Walter Reuther, wakakifufua chama wilaya kwa wilaya. Walimsimamisha Williams, kijana wa miaka 37 asiyejulikana sana, mwenye tai ya kipepeo ya kijani yenye madoa meupe. Tai hiyo ikawa nembo yake. Alimwangusha gavana aliyekuwa madarakani, Kim Sigler.

Ushindi wake haukuwa wa kishindo kila mara. Mwaka 1950 alipata kura 935,152 na Harry Kelly wa Republican akapata 933,998. Tofauti ni kura 1,154 kati ya karibu milioni 1.9. Kura zikaanza kuhesabiwa upya, na katikati ya zoezi Kelly akaona haendi popote, akakubali.

Watu huuliza: mtu aliyechaguliwa mara sita anakwamaje? Jibu liko kwenye mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Kura ya gavana huhesabiwa jimbo zima, kila mpiga kura sawa na mwenzake. Seneti ya jimbo ilichaguliwa kwa maeneo, na marekebisho ya katiba ya 1952 yaliyagandisha maeneo hayo kwa kujali zaidi ukubwa wa ardhi kuliko idadi ya watu. Kaunti ya Wayne, yenye Detroit ndani yake, ilikuwa na takriban asilimia 38 ya wakazi wote wa Michigan mwaka 1950. Katika Seneti ya viti 34 ilipewa viti 7, sawa na asilimia 21 hivi. Misitu na mashamba ya kaskazini, yaliyokuwa ya Republican, yakapata viti vingi kuliko watu wake.

Matokeo yake ni kwamba katika miaka yote 12 Williams hakuwahi kuwa na Seneti upande wake. Aliweza kukataa miswada yao, wao wakaweza kukataa ya kwake. Hili ndilo watu wengi hulikosa wanapompima gavana wa Marekani kwa ahadi zake: ukitaka kujua atafika wapi, usimwangalie yeye kwanza, angalia nani ameshika Seneti na nani aliichora mipaka ya maeneo yake. August Scholle, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Michigan, aliipeleka mipaka hiyo mahakamani. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, katika kesi ya jimbo la Alabama, kwamba mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo lazima yafuate idadi ya watu. Williams alikuwa ameshaondoka Lansing, makao makuu ya jimbo, miaka mitatu kabla.

Hata hivyo hakutoka mikono mitupu. Mwaka 1955 ilipita sheria ya ajira ya haki, iliyounda tume ya kushughulikia ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, dini au asili ya mtu. Ilikuwa imekataliwa miaka nenda rudi. Haikugusa nyumba za kupanga wala za kununua, na hapo ndipo Wamarekani weusi wa Detroit walipoumia zaidi. Kwa hiyo anayeisifu kama mwisho wa ubaguzi Michigan anaisifu kupita kiasi.

Daraja ambalo hakulilipa kwa kodi

Michigan imekatwa vipande viwili na maji. Kati ya rasi ya kusini na rasi ya juu upo mlangobahari wa Mackinac, neno ambalo wenyeji hulitamka bila ile herufi ya mwisho, karibu na "Makino". Tangu 1923 jimbo liliendesha vivuko vya magari. Kila Novemba, msimu wa kuwinda paa, foleni ya kusubiri kivuko ilinyooka maili kadhaa na watu wakalala ndani ya magari.

Husemwa kwamba Williams alijenga daraja la Mackinac kwa kodi za wananchi. Sivyo. Mwaka 1950 bunge liliunda mamlaka ya daraja, chombo kinachojitegemea, chini ya uenyekiti wa seneta wa taifa wa zamani Prentiss Brown. Mwishoni mwa 1953 mamlaka hiyo iliuza hati fungani za dola milioni 99.8. Hati fungani ni mkopo uliokatwa vipande: mwekezaji anatoa fedha leo, anapokea riba kila kipindi, na mwisho anarudishiwa mtaji wake. Hizi zilikuwa za aina mbili. Zile za dola milioni 79.8 zilitoa riba ya asilimia 4, kwa kuwa wenye nazo ndio waliotangulia kulipwa kutokana na tozo za magari. Zile za dola milioni 20 zilitoa asilimia 5.25, kwa kuwa wenye nazo walisimama nyuma ya foleni na tozo zikipungua wangeumia wao kwanza. Fedha za jimbo ziliingia mahali pamoja tu: mfuko wa barabara uligharamia uendeshaji na matengenezo, si zaidi ya dola 417,000 kwa mwaka. Bila ahadi hiyo hati fungani zisingepata wanunuzi.

Mhandisi David Steinman alichora daraja la kuning'inia lenye urefu wa takriban kilomita 8, na uwazi wa mita 1,158 kati ya minara miwili. Ujenzi ulianza Mei 1954, wafanyakazi watano wakapoteza maisha, na magari yakaanza kupita tarehe 1 Novemba 1957. Deni la hati fungani lilimalizwa 1986. Tozo ipo mpaka leo, kwa ajili ya matengenezo.

Mchango wa gavana hapa unahitaji kupimwa vizuri. Hakutoa fedha na hakuchora ramani. Alilitetea wazo kabla halijawa na watetezi wengi, akateua wajumbe na kulisukuma katika bunge lisilompenda. Kwa gavana wa Marekani hiyo si kazi ndogo. Mwaka 1958 alishiriki matembezi ya kwanza ya kulivuka daraja kwa miguu, na desturi hiyo, ambayo sasa hufanyika Siku ya Wafanyakazi ya Marekani mwezi wa Septemba, magavana waliomfuata wameiendeleza.

Siku mishahara ilipokosekana

Tarehe 7 Mei 1959 watumishi wa serikali ya Michigan wapatao 26,000 hawakupata mishahara yao. Magazeti ya nchi nzima yakaandika kwamba jimbo tajiri la magari limefilisika, na wanahistoria wa siasa bado hukuta sentensi hiyo ikirudiwa. Haikuwa kufilisika. Fikiria mwenye nyumba za kupangisha ambaye wapangaji wake wote wanalipa, ila fedha zote zina majina tayari: hii ada ya watoto, hii deni la saruji, hii iko kwenye akaunti inayohitaji saini ya ndugu asiyetaka kusaini. Mali anayo, fedha ya sokoni hana. Michigan ilikuwa hivyo.

Chanzo kilikuwa na tabaka tatu. La kwanza ni mdororo wa uchumi wa 1957 na 1958. Magari yakinunuliwa kidogo, Detroit inapunguza watu, mapato ya kodi yanashuka wakati uleule misaada kwa wasio na kazi inapopanda. La pili ni kodi ya mauzo. Ndiyo iliyokuwa nguzo ya mapato, lakini katiba ya jimbo iliiwekea kikomo cha asilimia 3, na sehemu kubwa ya fedha zake ilipelekwa moja kwa moja kwenye shule, miji na vijiji kwa agizo la marekebisho ya 1946. Gavana na bunge hawakuweza kuigusa. La tatu ni shule zenyewe: watoto waliozaliwa baada ya vita walikuwa wamejaa madarasani, na vyuo vikuu vilikuwa vikipanuka.

Williams alitaka kodi mpya, ya faida za kampuni au ya mapato, inayomtoza zaidi mwenye nacho. Seneti ya Republican ilitaka kodi inayolipwa dukani ipande kutoka asilimia 3 hadi 4. Hoja ya Williams ilikuwa kwamba ongezeko hilo lingemlemea maskini, anayetumia karibu mapato yake yote dukani. Hoja ya Seneti ilikuwa kwamba kodi ya kampuni ingefukuza viwanda kuelekea majimbo yenye kodi ndogo. Zote mbili zilikuwa na uzito, ila kila upande uliishikilia yake kama mwenye kisu na mwenye mpini.

Fedha ya dharura ilikuwepo: mfuko wa amana wa maveterani, wenye dola milioni 50. Gavana alitaka utumike kuziba pengo. Seneti ikasema utafunguliwa akikubali kodi yao. Siku zikaenda, hazina ikakauka, Mei 7 ikafika. Watumishi walilipwa baadaye, lakini picha ilikuwa imeshachafuka.

Kilichofuata hakina mvuto wa vichwa vya habari, ndiyo maana hakisimuliwi sana. Bunge lilipandisha kodi ya matumizi, ndugu wa kodi ya mauzo, kutoka asilimia 3 hadi 4. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Michigan ikaifuta, kwa hoja kwamba ilikuwa njia ya kuuruka ukomo wa katiba. Wakageukia vitu vidogovidogo kama sigara, pombe na simu. Novemba 1960 wananchi wakakubali kwa kura kodi ya mauzo ifike asilimia 4. Kodi ya mapato ambayo Williams aliililia ilipita mwaka 1967, chini ya George Romney, gavana wa Republican, baada ya mipaka ya Seneti kuchorwa upya na katiba mpya ya 1963 kuanza kazi.

Je, Williams aliacha mishahara ikosekane makusudi ili kuwaaibisha wapinzani? Wao walisema hivyo. Kinachoonekana ni kwamba kila upande uliamini mwenzake angelegea kwanza, na hakuna aliyelegea. Gharama ya kisiasa aliibeba gavana, kwa sababu mwananchi anakumbuka jina la gavana, hakumbuki jina la seneta wa wilaya ya mbali. Ndoto ya Williams ya urais kwa 1960 iliishia hapo. Hakugombea tena ugavana, naibu wake John Swainson akashinda kiti, yeye akamuunga mkono John Kennedy.

Gavana wa kuchaguliwa katika mji wa gavana wa kuteuliwa

Kennedy alimpa cheo cha waziri mdogo wa mambo ya nje anayeshughulikia Afrika, akamtangaza hata kabla ya kumtaja waziri mwenyewe. Ofisi hiyo ilikuwa changa, imeundwa 1958.

Februari 1961 Williams alikuwa Nairobi. Kenya ilikuwa katika uchaguzi ulioipa KANU kura nyingi, Jomo Kenyatta akiwa bado kizuizini. Gavana wa Kenya alikuwa Sir Patrick Renison, aliyetumwa na London, ambaye hakuna Mkenya aliyempigia kura, na ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amemwita Kenyatta kiongozi wa kuelekea gizani na kwenye kifo. Mbele ya waandishi wa habari Williams akazungumzia nia ya Marekani, na kilichosafiri duniani ni maneno matatu: Afrika ya Waafrika. Magazeti ya Uingereza yakawaka moto, walowezi wakamtaka afukuzwe kazi.

Hapa pana uongo wa pande mbili. Walowezi walidai amesema weupe waondoke. Wengine, hadi leo, humkumbuka kama Mmarekani aliyetangaza hivyo kwa ujasiri. Yeye alifafanua kwamba Waafrika aliowakusudia ni wote wanaoihesabu Afrika kuwa nyumbani kwao, wa rangi yoyote. Kennedy, alipoulizwa tarehe 1 Machi, alisema haoni tatizo na kauli hiyo, maana hajui Afrika ingekuwa ya nani mwingine. Agosti mwaka uleule, katika uwanja wa ndege wa Lusaka, mtu mweupe mmoja alimpiga Williams ngumi usoni.

Msisimko wa kauli ile usimfanye mtu adhani sera nzima ya Marekani ilikuwa ya Williams. Ofisi yake ilishindana na wale waliotazama Ulaya kwanza, waliohitaji Uingereza na Ureno ndani ya NATO, na mara nyingi hao ndio walioshinda. Alibaki kwenye cheo hicho hadi 1966, kupitia vita vya Congo na mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na nguvu zake zilipungua kadiri Johnson alivyozama Vietnam. Aliporudi nyumbani aligombea useneti wa taifa. Alimshinda meya wa Detroit, Jerome Cavanagh, katika uchaguzi wa mchujo, kisha akaangushwa na Robert Griffin wa Republican. Akawa balozi Ufilipino kwa muda mfupi, 1968 hadi 1969.

Joho la jaji

Wengi hushangaa kusikia kwamba gavana huyuhuyu alimalizia kazi akiwa jaji. Michigan majaji wa mahakama ya juu huchaguliwa na wananchi kwa muhula wa miaka minane. Karatasi ya kura haitaji chama, ingawa vyama ndivyo vinavyowateua wagombea, na huo ni mkanganyiko ambao Wamichigan wenyewe hulalamikia. Williams alichaguliwa 1970, akaingia 1971, akawa jaji mkuu kuanzia 1983 hadi alipostaafu mwishoni mwa 1986. Alifariki Detroit tarehe 2 Februari 1988. Jengo la serikali mjini Lansing lenye ofisi za mwanasheria mkuu wa jimbo lina jina lake.

Limebaki dai moja linalorudiwa sana, kwamba hakuna aliyeitawala Michigan muda mrefu kuliko yeye. William Milliken wa Republican alikaa tangu Januari 1969 hadi Januari 1983, miaka 14 dhidi ya 12 ya Williams. Rekodi ya Williams ni ya kuchaguliwa mara nyingi zaidi, mara sita, na hiyo haivunjiki kwa kanuni za sasa: katiba ya 1963 ilirefusha muhula kuwa miaka minne kuanzia uchaguzi wa 1966, na tangu marekebisho yaliyopigiwa kura 1992 hakuna anayeruhusiwa kuchaguliwa gavana wa Michigan zaidi ya mara mbili.